Ritifaa

Saa kumi na moja alfajiri, Zimmerman, ghorofa ya tano.
Tokeni zimebaki nne nukta mbili.
Nimezima friji ili tarakilishi ipate kula.

Ni ya mtumba, ya Luthuli,
ubavuni ina kibandiko cha benki nisiyoijua,
na herufi N haiitiki mpaka uikandamize
kama unayemvunja kunguni.
Nimeizoea. Kidole changu cha shahada kimeota sugu,
na sugu hiyo ndiyo shahada niliyo nayo.

Ofisini wanabishana kila siku:
skrini nyeusi au nyeupe,
nafasi mbili au nne mwanzoni mwa mstari.
Jillo ana kibodi inayolia kama mvua ya mawe,
aliiagiza kwa mshahara wa mwezi na nusu.
Kerubo humwambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi,
"Jembe halilimi kwa uzuri wa mpini."
Mimi simo. Skrini yangu ni nyeusi
kwa sababu macho yamechoka,
si kwa falsafa.

Ninachokijua ni kidogo, na nimekinunua kwa hasara.
Weka nakala kabla hujanawa uso.
Usipeleke mabadiliko Ijumaa jioni; Ijumaa ina wenyewe.
Kipe kigeu jina litakaloeleweka hata na wewe wa mwakani:
niliwahi kukiita kimoja mpya_mwisho_kabisa_2
nikawa mgeni katika nyumba niliyoijenga,
nikipapasa ukutani kutafuta swichi.

Lakini leo ni habari ya maziwa.
Chama cha wafugaji, Kinangop, watu mia sita na kumi na wawili.
Jumanne nilipakua zana mpya, yenye sifa kemkem,
Jumatano malipo yakakwama.
Nimeifuata hitilafu tangu saa tatu usiku
mstari kwa mstari, kama anayetafuta chawa kwenye mshono,
na seva inarudia lile lile:
*mstari wa 88, alama isiyotarajiwa.*

Isiyotarajiwa na nani?

Ng'ombe ana ritifaa.
Ng'ambo ina ritifaa.
Huwezi kung'oa jino, huwezi kung'ata muwa,
na ukitaka kung'ang'ania
lazima ukiinue kijiti hicho mara mbili.
Zana hii ikikiona hudhani sentensi imekwisha,
inafunga mdomo, inaondoka na pesa za watu.
Aliyeiunda, popote alipo,
hajapata kumwita ng'ombe akaitika.

Jana Gakii, karani wa chama, alipiga simu.
"Mzee Wang'ombe amekubali yaishe.
Anasema andika Wangombe tu,
bora pesa za pumba zifike."

Wangombe.
Nimelitamka peke yangu, gizani.
Ni ng'ombe aliyezibwa pua.

Na njia ya mkato ipo, naijua:
mstari mmoja, futa kila kijiti katika kila jina,
dakika mbili, nikalale.
Nani atalalamika? Wameshakubali.

Nikaandika jaribio kwanza.
Nikalipa jina refu la kumchekesha Kerubo:
mzee_analipwa_kwa_jina_lake.
Likaanguka, jekundu. Vizuri.
Nyekundu haijawahi kunidanganya.
Nikarekebisha, likaanguka.
Nikaenda dirishani; chini mtu alikuwa anafagia duka
ambalo bado halijafunguliwa.
Nikarudi, nikaacha kulipachika jina ndani ya amri,
nikalipitisha kando, zima,
kama yai kwenye kiganja.

Kijani.

Stima ikapotea papo hapo. Betri asilimia kumi na moja.
Nikawasha mtandao wa simu, nikarusha kazi,
na orodha ikaanza kushuka polepole gizani:
Kang'ethe, amelipwa.
Ng'endo, amelipwa.
Wang'ombe

na hapo skrini ikazima.

Nimefungua friji. Maziwa yamechacha.
Nakunywa turungi, nangoja Gakii apige.